Jinsi ya Kupima Spektra za Molekuli Mojamoja za Polima Zinazotoa Mwanga

Ukitia myeyusho wa polima inayong'aa kwenye kikombe cha kupimia na kuchukua spektra yake (ukali wa mwanga kwa kila urefu wa wimbi), unachopata ni wastani wa mabilioni ya minyororo: mirefu na mifupi, iliyonyooka na iliyojikunja, mizima na yenye kasoro. Tangu mwaka 1990, watafiti wa Cambridge walipoonyesha kwamba polima ya PPV hutoa mwanga ikipitishiwa umeme, swali la jinsi mnyororo mmoja unavyofyonza na kutoa mwanga limekuwa muhimu kwa kila anayetengeneza diodi za polima. Mwaka 1997 kundi la mwanakemia Paul Barbara lilionyesha jambo ambalo wastani ulikuwa umelificha: mnyororo wenye kromofori nyingi (sehemu zinazofyonza na kutoa mwanga) unaweza kuzimika na kuwaka kwa hatua kubwa za ghafla, kana kwamba ni taa moja. Nishati husafiri ndani ya mnyororo, na kasoro moja inatosha kuinyonya karibu yote.

Mwongozo huu unafuata kazi nzima kwa kutumia MEH-PPV, aina ya PPV inayoyeyuka, kwa sababu inang'aa sana, inapatikana kwa urahisi na imechunguzwa kwa kina. Kuiona molekuli si tatizo. Mnyororo mmoja wa MEH-PPV una kromofori kadhaa kwa makumi, kwa hiyo hung'aa kuliko molekuli moja ya rangi ya kawaida. Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba nukta unayoitazama ni mnyororo mmoja tu, ni wa polima yako, na bado haujaharibika. Uchafu nao hung'aa, huzimika kwa hatua, na huwa na mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kukuwezesha kuutenga uchafu huo.

Anza na uzito wa polima

Kabla ya kugusa leza, jua uzito wa molekuli na mtawanyiko wake kwa kromatografia ya jeli. Polima kutoka kwenye chupa huwa na mtawanyiko wa 2 au zaidi (1 ni minyororo yote kuwa ya urefu mmoja), maana yake mnyororo mmoja unaweza kuwa mrefu mara kumi kuliko jirani yake. Ukipima polima hiyo jinsi ilivyo, hutajua kama nukta mbili zinatofautiana kwa umbo au kwa urefu tu. Kama unayo mashine ya jeli, kusanya sehemu ndogo ya mkondo unaotoka, uipime tena, na utumie sehemu yenye mtawanyiko wa takriban 1.1. Ni kazi ya siku moja inayokuokoa miezi ya kubishana na data. Kumbuka pia kwamba mashine iliyosawazishwa kwa polistirini huipa minyororo migumu uzito mkubwa kuliko ilio nao kweli.

Kipande cha msingi cha MEH-PPV kina uzito wa gramu 260 kwa moli. Kwa hiyo mnyororo wa kilogramu 200 kwa moli una vipande karibu 770. Msisimko mmoja hukaa juu ya vipande takriban kumi, kwa sababu mikunjo na kasoro hukata mfuatano wa vifungo maradufu na vifungo vya mojamoja vinavyopishana. Hapo unapata kromofori 70 hadi 80 kwenye molekuli moja. Weka namba hii mezani tangu mwanzo, maana utairudia kila unapojiuliza kwa nini mwanga umeshuka kwa robo na si kwa nusu.

Yeyusha miligramu 1 ya polima kwa mililita 1 ya tolueni au kloroformu kwenye kichupa cha kioo cheusi, koroga gizani kwa nyuzi 40 za Selsiasi usiku kucha, kisha chuja kwa kichujio cha PTFE (Tefloni) chenye matundu ya mikrometa 0.2. Usitumie plastiki ya kawaida mahali popote ambapo kloroformu inapita. Ncha za plastiki za kupimia huachia vitu vinavyong'aa, na kwenye ukolezi wa chini vitu hivyo vitaizidi polima yako kwa wingi. Tumia sirinji za kioo zenye sindano ya chuma. Kloroformu iliyokaa kwenye mwanga huunda asidi ya hidrokloriki na fosjini, na asidi hiyo huila polima polepole, kwa hiyo fungua chupa mpya na uandike tarehe juu yake. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na usiziamini glavu za nitrili mbele ya kloroformu: hupenya ndani ya dakika chache, zibadilishe mara tu zinapolowa.

Kiyeyushi si chombo cha kubebea tu. Mnyororo hubaki na kumbukumbu ya umbo uliokuwa nalo kwenye myeyusho pale filamu inapokauka haraka. MEH-PPV iliyotoka kwenye kloroformu hukaa ikiwa imefunguka zaidi kuliko iliyotoka kwenye tolueni, na hilo linabadilisha njia za nishati ndani ya mnyororo na hata rangi ya mwanga. Chagua kiyeyushi kimoja na ukiandike kwenye kila faili ya data.

Vioo na PMMA lazima viwe giza, visitoe mwanga wao

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibikia, na ni hatua isiyohitaji kifaa cha gharama kubwa. Vioo vyembamba vya hadubini, vya unene wa milimita 0.17, vioshwe hivi: dakika 15 kwenye beseni la ultrasauti lenye maji na sabuni ya maabara ya asilimia 2, suuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa kabisa, dakika 10 kwenye asetoni, dakika 10 kwenye isopropanoli, kisha kausha kwa nitrojeni. Baada ya hapo viweke chini ya taa ya ultravioleti na ozoni kwa dakika 30, au vichome kwenye tanuri kwa nyuzi 450 kwa saa moja. Kuchoma ndiyo njia tunayoipendelea, kwa sababu haiachi mabaki ya kiyeyushi. Usizidi joto hilo, kioo kitaanza kupinda na hadubini haitalenga tena sawasawa kwenye uwanja mzima. Vitumie siku hiyohiyo. Kioo safi kilichokaa wiki nzima kwenye sanduku la plastiki si kioo safi.

PMMA, plastiki angavu ya akriliki ambayo ndiyo kitanda cha minyororo yako, huja na uchafu unaong'aa kutoka kiwandani. Iyeyushe kwenye tolueni, imwage taratibu ndani ya methanoli baridi inayokorogwa, chuja mashapo meupe, kausha kwenye ombwe, na urudie mara mbili. Kisha tengeneza myeyusho wa miligramu 30 kwa mililita ya tolueni.

Sasa tengeneza sampuli tupu: PMMA na kiyeyushi, bila polima, kwa hatua zilezile na vichupa vya aina ileile. Ipime kwa nguvu ileile ya leza utakayotumia baadaye. Ukihesabu zaidi ya nukta moja kwa kila eneo la mikrometa 10 kwa 10, usiendelee. Rudi nyuma, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mpaka ujue nukta zinatoka kwenye kioo, kwenye PMMA au kwenye kiyeyushi. Usiikubali sampuli tupu "iliyo karibu kuwa safi". Nukta moja chafu kati ya kumi ni asilimia kumi ya histogramu yako, na mara nyingi ndiyo ile asilimia inayoonekana ya kusisimua.

Hesabu ya ukolezi

Unataka wastani wa mnyororo 0.1 kwa kila mikrometa ya mraba, yaani minyororo kumi kwenye eneo la mikrometa 10 kwa 10. Kwa filamu ya unene wa nanometa 100, hiyo ni molekuli moja kwa kila mikrometa ya ujazo, sawa na nanomola 1.7 kwa lita ndani ya filamu kavu. Lakini filamu kavu imekolea kuliko myeyusho. Miligramu 30 za PMMA zina ujazo wa mikrolita 25 hivi, kwa hiyo mililita moja ya myeyusho ikikauka hukolea mara 40. Myeyusho wako basi uwe na nanomola 0.042 kwa lita. Kwa mnyororo wa kilogramu 200 kwa moli, hiyo ni nanogramu 8 kwa mililita.

Kutoka miligramu 1 kwa mililita, nenda hivi:

1. Mikrolita 50 kwenye mililita 5 za kiyeyushi. Unapata mikrogramu 10 kwa mililita, na bado rangi hafifu ya chungwa inaonekana.
2. Mikrolita 50 za hiyo kwenye mililita 5 nyingine. Sasa ni nanogramu 100 kwa mililita.
3. Mikrolita 250 za hiyo kwenye mililita 2.75 za myeyusho wa PMMA. Hii ndiyo sampuli ya mwisho.

Hatua ya pili na ya tatu zifuatane bila kukawia. Kwenye ukolezi wa nanogramu, minyororo hujishika kwenye kuta za kichupa, na myeyusho uliokaa usiku mmoja unaweza kupoteza sehemu kubwa ya polima bila wewe kujua. PMMA hupunguza tatizo hilo, kwa kuwa iko kwa wingi na hutangulia kuzifunika kuta.

Kwa nini 0.1 na si 1? Nukta ya mwanga kwenye hadubini nzuri ina upana wa takriban nanometa 300. Kwa msongamano wa 0.1, uwezekano kwamba mnyororo una jirani ndani ya umbali huo ni karibu asilimia 3. Kwa msongamano wa 1 uwezekano huo unapanda hadi karibu robo, na hapo neno "molekuli moja" halina maana tena.

Filamu

Weka mikrolita 100 kwenye kioo, kizungushe kwa mizunguko 2,000 kwa dakika kwa sekunde 60, kisha kausha kwenye ombwe kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa saa mbili. Usipite nyuzi 100, kwa sababu PMMA hulainika karibu na nyuzi 105 na minyororo itaanza kusogea na kukusanyika. Kwaruza filamu kwa wembe na upime kina cha mkwaruzo kwa hadubini ya nguvu za atomu. Unene hutegemea uzito wa PMMA uliyonunua, kwa hiyo nanometa 100 ni makadirio mpaka uipime yako. Ukiona ukungu mweupe juu ya filamu, hewa ilikuwa na unyevu mwingi wakati wa kuzungusha. Itupe.

Mpangilio wa hadubini

MEH-PPV hufyonza mwanga vizuri karibu na nanometa 500, kwa hiyo leza ya 488 inafaa. Mwanga upite kwenye nyuzi ya kioo ya mtindo mmoja ili uwe na umbo safi la duara, kisha kwenye kichujio cha kusafisha mstari wa leza. Mpangilio huu usiugeuze: nyuzi yenyewe hutoa mwanga wa Raman (mwanga uliotawanywa ukabadilika urefu wa wimbi), na kichujio kikiwekwa kabla yake hakitauona. Baada ya hapo weka bamba la nusu-wimbi na la robo-wimbi (hubadilisha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga), kioo cha dikroiki (hutenganisha mwanga wa leza na ule wa sampuli), na objektivu, yaani lenzi ya hadubini, ya mafuta yenye NA ya 1.3 au 1.4. NA ni namba inayoonyesha objektivu inakusanya mwanga kwa pembe pana kiasi gani, na kwenye kazi hii kila fotoni (chembe ya mwanga) inayopotea inapunguza maisha ya kipimo. Tumia mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya fluoresensi. Ya kawaida hung'aa.

Upande wa kutokea mwanga, weka kichujio kinachopitisha kuanzia nanometa 500 au 510, kisha gawanya njia mbili kwa kioo kinachogeuzwa. Njia moja iende kwenye fotodiodi inayohesabu fotoni mojamoja, ambayo gizani ihesabu chini ya 100 kwa sekunde. Nyingine iende kwenye spektromita. Fotodiodi za aina hii mara nyingi zina eneo la mikrometa 50 tu, na eneo hilo linatosha kufanya kazi ya tundu la konfokali, linalozuia mwanga usiotoka kwenye doa linalolengwa.

Spektromita yenye urefu wa fokasi wa milimita 300 na greti (bamba la mistari linalotenganisha rangi) ya mistari 300 kwa milimita hutawanya nanometa 11 kwa kila milimita. Kwa pikseli za mikrometa 16, hiyo ni nanometa 0.18 kwa pikseli, na kamera ya pikseli 1,024 inaona upana wa nanometa 180 kwa mara moja. Kwa kazi ya joto la chumba inatosha kabisa, kwani mistari ya MEH-PPV ina upana wa makumi ya nanometa. Usishawishike kununua greti yenye mistari mingi zaidi kwa ajili ya kazi hii. Itatapanya fotoni zako kwenye pikseli nyingi, na kila pikseli ina kelele yake. Kamera ipoozwe hadi nyuzi −70 au chini zaidi.

Sawazisha urefu wa mawimbi kwa taa ya zebaki na neoni kila asubuhi: 546.07, 576.96 na 579.07 za zebaki, 585.25 na 640.22 za neoni. Kwa ukali, tumia taa ya halojeni yenye spektra inayojulikana, ukipitisha mwanga wake kwenye objektivu, kioo cha dikroiki na vichujio vyote. Usipofanya hivyo, mteremko wa kioo cha dikroiki utaonekana kwenye data kama umbo la polima.

Nguvu ya leza

Nanowati 50 zikilengwa kwenye doa la nanometa 300 ni karibu wati 70 kwa sentimita ya mraba. Anzia nanowati 10. Mnyororo mmoja kwenye nguvu hizo hutoa makumi ya maelfu ya hesabu kwa sekunde kwenye fotodiodi. Ukiona unahitaji mikrowati ili kuona kitu, usiongeze leza: objektivu haijalengwa, tundu limehama, au sampuli yako imekufa.

Pima nguvu pale sampuli inapokaa, si kwenye meza kabla ya hadubini. Wakati huohuo zungusha kichujio cha mwelekeo wa mwanga juu ya objektivu na uangalie mwanga wa duara (ambao mwelekeo wa mtetemo wake huzunguka) ulioutengeneza kwa bamba la robo-wimbi. Kama nguvu inabadilika kwa zaidi ya asilimia 5, kioo cha dikroiki kinauvuruga, nawe rekebisha mabamba yote mawili mpaka utulie. Mwanga usio wa duara kamili huchagua minyororo iliyolala upande mmoja na kuificha mingine.

Kupima

Piga picha ya eneo la mikrometa 20 kwa 20, pikseli 200 kwa 200, milisekunde 2 kwa pikseli. Inachukua sekunde 80. Funga shata mara picha inapoisha, maana kila sekunde ya mwanga usiorekodiwa ni maisha ya molekuli yanayopotea.

Amua nukta utakazopima kwa kanuni iliyowekwa kabla ya kuiona picha, kwa mfano zote zilizo ndani ya robo ya juu kushoto. Jicho hupenda nukta zinazong'aa, na nukta zinazong'aa kupita zote mara nyingi ni vishada vya minyororo miwili au mitatu. Histogramu nyingi za kuvutia zimezaliwa na upendeleo huu.

Peleka nukta ya kwanza kwenye kitovu cha leza, fungua shata, na uchukue mfululizo wa spektra za sekunde 1 hadi 5 mpaka inyamaze kabisa. Usichukue spektra moja ndefu. Ndani ya sekunde 30 mnyororo unaweza kubadilisha kromofori inayotoa mwanga, na spektra ndefu itakuonyesha vilele viwili ambavyo havikuwahi kuwapo pamoja. Kisha sogea mikrometa 1 pembeni na uchukue mandharinyuma kwa muda uleule.

Mtego wa nanometa 570

Mandharinyuma ya PMMA si tambarare. Vifungo vya kaboni na hidrojeni ndani yake hutawanya mwanga kwa mhamo wa Raman wa karibu 2,950 kwa sentimita, na ukisisimua kwa 488, kilele hicho huangukia nanometa 570, mahali ambapo MEH-PPV hutoa mwanga wake. Mabaki ya tolueni huongeza kilele kingine karibu na 574. Wageni wa kazi hii huviona kwenye nukta hafifu na kuviita mstari mwembamba wa polima.

Dawa ni rahisi. Badilisha leza kuwa 514.5. Mwanga wa Raman utahama hadi karibu 607, lakini wa polima hautahama. Kama huna leza ya pili, linganisha na sampuli tupu yenye unene uleule, na ukumbuke kwamba Raman haizimiki molekuli inapokufa. Kilele kilichobaki mwishoni mwa mfululizo, baada ya hatua ya mwisho ya kuzima, si cha mnyororo.

Je, ni mnyororo mmoja?

Hakuna kipimo kimoja kinachojibu swali hili. Vinahitajika vichache vinavyokubaliana.

Cha kwanza ni kuhesabu. Punguza ukolezi kwa nusu: nukta zipungue kwa nusu, lakini ung'avu wa wastani wa kila nukta ubaki uleule. Ung'avu ukipungua pamoja na ukolezi, ulikuwa unatazama vishada.

Cha pili ni mwelekeo. Zungusha bamba la nusu-wimbi ukiwa umetoa la robo-wimbi, na uone ukali unavyopanda na kushuka kwa kufuata I = I₀[1 + M cos 2(θ − φ)], ambapo θ ni mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wa leza, φ ni mwelekeo unaotoa ukali wa juu kabisa, na M ni ukubwa wa kupanda na kushuka. Kromofori zilizopangwa upande mmoja hutoa M kubwa, mnyororo uliojikunja ovyo hutoa M ndogo. Fanya mzunguko mzima haraka, ndani ya sekunde moja au mbili, kisha urudie: kama φ imebadilika kati ya mizunguko, baadhi ya kromofori zimekufa katikati na thamani ya M si ya kuaminika. Uchafu wa molekuli ndogo huwa na dipoli moja, yaani mhimili mmoja wa kufyonza mwanga, hivyo M yake hukaribia 1. Kundi la nukta lililorundikana huko ni la kutilia shaka.

Cha tatu ni fotoni zisizoambatana. Gawa mwanga nusu kwa nusu kwenye fotodiodi mbili, tumia leza ya mapigo yenye nafasi ya nanosekunde 50, na uhesabu jozi za fotoni zilizofika pamoja ukilinganisha na jozi za mapigo yanayofuatana. Kwa vitoa-mwanga n vilivyo huru na sawa, uwiano huo ni 1 − 1/n: sifuri kwa kimoja, 0.5 kwa viwili. Rekebisha mandharinyuma kwanza. Kama asilimia 90 tu ya hesabu zako ndizo za molekuli, hata kitoa-mwanga kimoja kamili kitaonyesha 0.19. Angalia pia kama fotodiodi zinaonana: kila inapohesabu, fotodiodi hutoa mwako mdogo, na mwako huo ukifika kwa mwenzake huzaa vilele vya uongo karibu na sifuri. Kichujio kinachozuia mwanga wa infraredi mbele ya kila moja huvipunguza sana.

Kuwa makini na tafsiri. Mnyororo wenye kromofori 75 ukitoa fotoni moja kwa kila pigo haujawa na kromofori moja. Ama nishati yote inaelekea mahali pamoja, ama eksitoni (misisimko) mbili zinakutana na moja inaangamizwa. Punguza nguvu ya mapigo mara kumi na urudie, ili uone kama uwiano unategemea idadi ya eksitoni zilizoundwa kwa pamoja. Kinyume chake, uwiano wa 0.7 hauthibitishi kwamba kuna minyororo kadhaa, kwani mnyororo mmoja uliofunguka unaweza kuwa na sehemu tatu zinazong'aa kila moja kivyake.

Oksijeni

Kwenye hewa ya kawaida mnyororo huishi kwa sekunde chache hadi dakika chache. Oksijeni hushambulia vifungo maradufu vya vinileni na kuacha makundi ya kabonili, ambayo hunyonya nishati ya kromofori zote zilizo jirani. Hilo ndilo chanzo kimojawapo cha hatua kubwa za kuzimika.

Funika sampuli kwa chumba kidogo chenye mkondo wa nitrojeni kavu, uanze mkondo dakika 20 kabla ya kupima, au tumia ombwe la milibari 10⁻⁵. Usishangae molekuli zikipungua ung'avu baada ya hewa kuondoka. Oksijeni pia huzima hali za tripleti, misisimko inayodumu muda mrefu. Ikiondoka, tripleti hudumu muda mrefu zaidi na kuzima eksitoni zinazopita karibu nazo, kwa hiyo mnyororo unaishi zaidi lakini unang'aa kidogo kwa nguvu ileile. Shusha leza, na sehemu ya ung'avu kwa kila fotoni iliyofyonzwa itarudi.

Kwenye baridi kali

Kwa nyuzi 5 za Kelvini picha hubadilika kabisa. Polima ngumu ya ngazi, MeLPPP, inayosisimuliwa chini kidogo ya nanometa 440 na kutoa mwanga karibu na 460, huonyesha mistari myembamba ya kromofori mojamoja. Hapa ndipo greti ya mistari 1,200 inapofaa: kwenye spektromita ya milimita 500 unapata nanometa 0.027 kwa pikseli, sawa na milielektroni-volti 0.16 karibu na 460. Lakini kamera nzima itaona upana wa nanometa 27 tu, kwa hiyo tafuta mstari kwanza kwa greti pana.

Tumia silikoni yenye tabaka la oksidi badala ya kioo, kwa kuwa hupitisha joto vizuri na haina mwanga wake mwingi. Ibandike kwenye kidole baridi cha kriostati (chombo cha kupoozea) kwa grisi ya ombwe, tabaka jembamba. Grisi ikiwa nene, kipimajoto kitasoma 5 huku sampuli iko juu zaidi, na utakachokiona ni mistari minene usiyoelewa sababu yake. Objektivu ya kutazama kupitia dirisha huwa na NA ya 0.55 hadi 0.7, hivyo doa ni pana: kwa NA 0.6 na nanometa 460 ni karibu 470. Punguza msongamano wa minyororo kwa kadiri hiyo. Mistari itatangatanga kati ya spektra moja na nyingine kwa sababu mazingira ya mnyororo bado yanasogea kidogo, kwa hiyo fupisha muda wa kila spektra mpaka upana wa mstari uache kupungua.

Data

Toa mandharinyuma, ondoa miale ya anga kwa kulinganisha spektra mbili mfululizo, kisha hamisha kutoka urefu wa wimbi kwenda nishati. Usisahau kuzidisha ukali kwa λ². Kuacha hatua hiyo husogeza vilele vipana na kubadilisha uwiano wao. Mnyororo wa MEH-PPV wenye kilele cha kwanza karibu na 560 utakuwa na kilele cha pili karibu na 613, kwa sababu mtetemo wa vifungo vya kaboni huchukua takriban 1,550 kwa sentimita. Ukitaka uwiano wa vilele hivyo ukueleze jinsi molekuli inavyobadilika umbo ikisisimuliwa, gawanya kwanza ukali kwa mchemraba wa nishati.

Tenga spektra kwa hatua za ung'avu: weka pamoja zile tu zilizo ndani ya ngazi moja ya ukali. Kwa histogramu ya kilele cha kwanza, pima minyororo isiyopungua 100 kutoka angalau filamu tatu zilizotengenezwa siku tofauti, na chora kila filamu kwa rangi yake kabla ya kuzijumlisha. Kama filamu moja ina kundi la pili la rangi nyekundu zaidi na mbili hazina, rudia uchujaji na upunguzaji wa ukolezi kwa filamu hiyo kabla ya kuandika neno lolote kuhusu minyororo iliyojikunja.